Chakula cha Watu Mia Nne

Koplo alitoka jeshini baada ya miaka ishirini na miwili akiwa na sanduku la bati na tabia ya kuamka saa kumi alfajiri. Sanduku alilisukuma chini ya kitanda, likatulia huko. Tabia haikutulia. Kila siku aliamka, akakunja blanketi lake mpaka likawa na kona kama tofali, akavaa viatu, akafunga kamba, akakaa ukingoni mwa kitanda kusubiri. Cha kusubiri hakikuwepo. Mkewe, aliyelala upande wa ukutani, alimwambia bila kufumbua macho, "Baba, vua viatu. Hakuna vita."

Na vita vyenyewe hakuwahi kuviona. Alikuwa mpishi wa bwalo. Watu wakisikia mwanajeshi mstaafu hutega masikio wakitaka habari za risasi. Yeye alipoanza kuwaeleza jinsi ya kulowanisha maharage ya kikosi kizima, walikumbuka ghafla kwamba wana safari.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake, na Koplo aliupenda utaratibu kuliko alivyopenda chakula. Kila asubuhi karani wa kikosi alimletea kikaratasi chenye idadi: leo mia tatu themanini na sita, leo mia nne na watatu. Koplo hakuuliza nani ana njaa, nani kashiba, nani hapendi kabichi. Idadi ilikuwa amri. Ukipika pungufu, askari wa mwisho kwenye foleni anakuta sufuria tupu, na kwa mpishi hakuna aibu inayopita hiyo. Ukizidisha, kilichobaki kinafukiwa shimoni nyuma ya bwalo, afisa wa zamu anasimama pale na daftari lake na kutia sahihi, na shimo analichimba mpishi mwenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili Koplo alichimba shimo mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa tayari kukuthibitishia kwamba kosa lilikuwa la karani.

Nyumbani hakukuwa na karani. Kulikuwa na mke, aliyekuwa ameiendesha nyumba peke yake miaka yote hiyo, na aliiendesha vizuri, jambo ambalo mwanamume hulisamehe kwa shida. Binti yao wa pekee alikwisha kuolewa mbali. Wiki ya kwanza Koplo aliingia jikoni kwa nia njema, akapika maharage. Waliyala siku nne, wakawagawia majirani, na siku ya tano mkewe aliyamwaga yaliyochacha, akaosha sufuria, akasimama mlangoni.

"Jiko hili ni langu," alisema. "Wewe katafute kambi nyingine."

Alisema kwa utani. Lakini alimaanisha, na Koplo alijua hivyo.

Basi akawa mtu wa kutembea. Alizunguka mtaa asubuhi, akauzunguka tena alasiri, mikono nyuma, akikagua. Aliwaambia mafundi jinsi ya kupanga vifaa vyao. Alimwambia mwuza duka kwamba magunia yake yamekaa shaghalabaghala. Watu walimwitikia, "Sawa, afande," wakasubiri apite. Aliyeachwa na kazi hukonda kwa namna yake: nguo zinamtosha kama zamani, lakini ndani yake hamna mtu.

Ilikuwa mwaka wa pili, akipita uchochoro wa nyuma ya karakana ya seremala, aliponusa wali unaungua. Haikuwa harufu ya ukoko. Ukoko una utamu wake. Huu ulikuwa unaungua chini huku juu ungali mbichi, na aliyeupika alikuwa hajui. Koplo hakufikiri. Alisukuma lango, akaingia uani kwa watu asiowajua, akakuta masufuria matatu makubwa juu ya mafiga, akaanza kuzitoa kuni chini ya sufuria la kati kwa kiatu chake.

"Wewe baba, ni nani unayetuzimia moto?" Mwanamke mwembamba, mrefu, kitambaa kichwani na upawa mkononi, alimkabili.

"Mpishi."

"Nani kakuita?"

"Wali wenu."

Watu waliokuwa wakikatakata vitunguu walicheka, kisha wakakumbuka kwamba wapo msibani, wakainamisha vichwa. Yule mwanamke alionja punje mbili, akakunja uso, akamtazama upya mgeni wake kuanzia viatuni.

"Na huko kupika umejifunzia wapi?"

"Jeshini."

"Ndiyo maana unatoa amri kabla ya salamu. Haya, koplo, shika mwiko. Ukiuharibu zaidi ya hapa, utaula wote peke yako."

Alikuwa sajini. Hakumsahihisha, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukamshusha cheo, naye akakipokea kama nishani.

Mwanamke yule aliitwa Shangazi na kila mtu, hata na watu waliomzidi umri. Yeye ndiye aliyeongoza wapishi wa misiba, ambao watani waliwaita Kamati ya Moshi. Haikuwa na katiba wala muhuri. Mtu akifariki, Shangazi alitoka na mfuniko wa sufuria na kijiko, akaugonga kila pembe ya mtaa, na kabla hajarudi kwake kuni zilikuwa zimeanza kufika. Nyumba hii ilitoa gogo, ile ndoo ya maji, ile nyingine mtu wa kuchambua mchele. Haikuulizwa marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Hata yule mpangishaji aliyefukuza wajane kwenye vyumba vyake alipofariki, mtaa ulimpikia, ukamzika, ukamsema ukiwa umeshiba. Ndivyo watu walivyoishi.

Shangazi alikuwa na daftari lenye jalada gumu. Humo aliandika kila nyumba aliyoipikia na watu wake wote, si kwa ajili ya madeni, bali ajue namna ya kuwalisha. Kwa fundi saa: watu saba, baba hali chumvi. Kwa mapacha: watu watano, bibi hana meno, achujiwe maharage. Kwa mshona viatu: watu wanne, wasikae karibu na kwa mapacha. Siku alipomwonyesha Koplo daftari hilo, mpishi yule alilifungua kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kitu cha kuvunjika. Tangu aondoke kambini, ilikuwa mara ya kwanza kuona idadi.

Miaka tisa alisimama na mwiko ule, mti mgumu mrefu kama mpini wa jembe, ulioinama kidogo mwishoni kwa kuzoea masufuria. Kuamka saa kumi kukawa na maana. Fundi Bomba, mzee aliyeziba mabomba ya mtaa mzima na ambaye katika Kamati alikuwa mtu wa maji, alimtania kila wakikutana: "Afande, leo adui ni nani?" Naye alijibu, "Mchele. Na una idadi kubwa." Mkewe tu ndiye hakuwahi kuja kula. Alisema maharage ya siku nne bado hayajamtoka tumboni.

Kisha mtaa ukaanza kufa, ingawa kwa nje ulikuwa unajengwa. Karakana ya seremala ilibomolewa, likapanda jengo la ghorofa tano lenye lango la chuma na kengele. Shangazi aliligonga lango lile kwa kijiko, mlinzi akamwambia wapangaji hawapendi kelele, kama kuna taarifa aitume kwenye simu. Misiba ikaanza kufanyiwa kumbi za kukodi, chakula kikaja na vijana waliovaa glavu, kikapakuliwa na watu wasiojua hata jina la marehemu. Ikaonekana ni ustaarabu. Anayefiwa sasa hasumbui mtu, na watu wakagundua kwamba kutosumbuliwa kunawafaa sana. Kamati ikapungua. Mwaka wa mwisho ilikuwa imebaki na watu watatu, na walipika mara moja tu, kwa mlinzi wa usiku ambaye hakuwa na ndugu.

Shangazi alipoanguka, alilala wiki tano. Koplo alikuwa akienda kila asubuhi kukaa kwenye kiti cha mlangoni mwa chumba chake, mgongo umenyooka. Siku moja Shangazi akamwita karibu.

"Koplo, mwanangu ataagiza maboksi ya chakula."

"Hataagiza."

"Ataagiza, namjua, nimemzaa. Wewe usikubali. Nimelisha mtaa huu miaka arobaini. Nataka siku yangu nao wale kwangu, wakae chini, wagombanie ukoko." Akapumzika kidogo. "Daftari liko chini ya mto. Chukua."

Alilichukua. Usiku ule Shangazi alifariki, na asubuhi Koplo alikuwa tayari amesimama mbele ya mwanawe.

Mwana huyo alikuwa na ofisi mahali fulani juu, ghorofa ya sita, na alizoea kuzungumza akitazama simu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa siku hizi.

"Mzee wangu, nimeshaagiza chakula. Maboksi sitini. Kila kitu kimo ndani, hata kijiko."

"Mama yako alisema apikiwe."

"Mama alisema mengi."

"Hili aliniambia mimi."

Kijana akainua macho, akamwona mzee wa karibu miaka sitini aliyesimama wima, vidole gumba vimelala kwenye mshono wa suruali.

"Basi pika, Mzee. Lakini moshi usiingie ndani. Kuta zimepakwa rangi juzi."

Koplo alinunua mchele kwa pensheni yake. Alikaa mchana kutwa na daftari, akapiga mstari juu ya waliokufa na waliohama, akajumlisha waliobaki. Walikuwa mia nne na kumi na moja. Mchele gunia moja la kilo hamsini, maharage nusu yake, kabichi, nyama. Masufuria manne ya wali, ya watu mia mia, na mboga zake kando. Wale kumi na mmoja wangetoshwa na ukoko.

Alfajiri ya mazishi Fundi Bomba alikuja na mpira wake wa maji, akayakuta masufuria yote manne yako motoni. Akayatazama, akamtazama mwenzake.

"Koplo, pika ya watu sitini."

"Idadi ni mia nne na kumi na moja."

"Nani kasema?"

"Daftari."

"Hayo ni majina, ndugu yangu. Majina si watu."

"Kila mmoja hapa alikula mkononi mwa Shangazi. Unataka wa mwisho akute sufuria tupu?"

Fundi Bomba alifungua maji. Baadaye Koplo alitoka na mfuniko na kijiko, akaugonga mtaa mzima, pembe kwa pembe, kama alivyokuwa akigonga Shangazi. Mapazia mawili matatu yalisogea. Kwenye lango la chuma mlinzi alimpungia mkono kwa heshima na hakufungua.

Mazishi yalikuwa saa nane. Koplo hakwenda. Mpishi haachi moto. Hilo halikuhitaji kujadiliwa. Wakati wanamfukia Shangazi, yeye alikuwa akipalia makaa juu ya mifuniko, akisikiliza wali ukikauka taratibu, na amini usiamini, alikuwa na furaha. Alipanga sahani kwa safu. Alitandika mikeka. Alikumbuka kuchuja bakuli moja la maharage kwa ajili ya bibi wa mapacha, na akapika sufuria dogo lisilo na chumvi kwa ajili ya fundi saa.

Waliorudi kutoka makaburini walikuwa thelathini na wanne. Aliwahesabu walipoingia, kisha akaendelea kutazama lango, upawa mkononi. Nyuma yao likaingia gari dogo jeupe, vijana wenye glavu wakashusha maboksi.

"Ulisema nipike," Koplo alimwambia mwana wa Shangazi.

"Na umepika, Mzee. Ila oda ilishalipiwa, wasingerudisha pesa."

Watu walipita mbele ya masufuria. Wengine walisimama, wakanusa, wakasema, "Koplo, hongera, kama zamani," kisha wakachukua boksi, kwa sababu boksi unaweza kuondoka nalo. Foleni ya magari ilikuwa inajipanga kutoka. Fundi saa, kumbe, alikuwa amekufa mwaka uliopita. Mjane wake ndiye aliyemwambia, na Koplo akaona aibu, maana mstari ule hakuupiga. Waliokaa mikekani walikuwa tisa. Walikula vizuri, wakanawa, wakashukuru, wakaenda zao. Masufuria matatu hayakufunguliwa.

"Tuwapelekee," Koplo alisema.

Fundi Bomba hakuwa na imani na jambo hilo, lakini alichukua ndoo. Wakazunguka nyumba kwa nyumba, wazee wawili na ndoo za wali zinazofuka mvuke. Mwanamke mmoja aliongea nao kupitia tundu la mlango: wamekula tayari. Mwanamume mmoja aliuliza wanauza kiasi gani. Kwa mapacha, binti aliyeshika simu sikioni alisema bibi alishapelekwa kwenye nyumba ya wazee, akapokea ndoo kwa adabu, akasema, "Asante sana, babu, mbwa wetu watafurahi." Hakukusudia ubaya. Alikuwa ameona ndoo, na kwao ndoo ni ya mbwa.

Waliporudi, Koplo alichukua sepetu.

"Unafanya nini?" Fundi Bomba aliuliza.

"Utaratibu."

Alichagua mahali nyuma ya ukuta, pale Shangazi alipomwagia maji ya kuoshea mchele miaka yote, udongo ukawa laini. Fundi Bomba akanyoosha mkono apokezane naye, Koplo akakataa. Shimo linachimbwa na mpishi.

"Nilikwambia sitini," Fundi Bomba alisema, si kwa kumsuta.

"Jeshini walikuja wote. Kila siku. Miaka ishirini na miwili, hakuna aliyebaki nyuma."

"Jeshini walipigiwa filimbi, Koplo. Nani angekataa?"

Koplo alisimama na sepetu. Hakuwahi kulifikiria hilo hata siku moja. Alikuwa ameondoka kambini akiamini kwamba watu mia nne walikuwa wakija kwake. Akafikiria na miaka tisa ya Kamati, na mfuniko uliokuwa ukigongwa, na Shangazi aliyekuwa akisimama mlangoni kwa mtu mpaka atoke, maana kumkatalia Shangazi kulihitaji moyo. Akaendelea kuchimba. Fundi Bomba alikunja mpira wake, akaaga, akaondoka polepole.

Shimo lilikuwa limefika magotini mke wa Koplo alipoingia uani, viatu vina udongo wa makaburini.

"Kuna chakula bado?" aliuliza.

Koplo alimtazama kuona kama anamdhihaki. Kisha alitoka shimoni, akanawa mikono, akampakulia: wali, maharage, nyama, kabichi pembeni, ukoko juu. Mkewe alikula amesimama, taratibu, mpaka akamaliza.

"Wali mzuri," alisema.

"Kweli?"

"Kweli. Miaka yote hii sikujua. Lakini ni wali tu, Baba. Watu hawatoki makwao kwa ajili ya wali."

Koplo aliiweka sahani chini. "Alizikwaje?"

"Haraka. Mawingu yalitanda, na dereva wa basi alikuwa na safari nyingine."

Akarudi shimoni. Alimwaga sufuria la kwanza, la pili, la tatu, na mabaki ya la nne. Mvuke ulipanda kutoka ardhini. Alipomaliza alisimama kando akiwa amekakamaa, kana kwamba anamsubiri mtu, na mkewe alihitaji muda kuelewa kwamba anasubiri afisa wa zamu aje atie sahihi.

"Twende nyumbani," alimwambia.

"Nikafanye nini?"

"Ukae."

"Halafu?"

Mkewe alikuwa mwanamke mkweli. Akachukua sepetu mkononi mwake na kuanza kurudishia udongo.

Nyumba ya Shangazi iliuzwa kabla ya mvua kwisha, masufuria yakabebwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Fundi Bomba alichukuliwa na binti yake, mtaa mwingine, na mtaa mwingine siku hizi ni kama nchi nyingine. Mwiko aliondoka nao Koplo. Ulikuwa mrefu mno kwa jiko la mkewe, ukakaa kona ya chumba ukizuia mlango, mpaka siku moja mkewe akaufunga kwa kamba nje ya dirisha, akaanika juu yake taulo. Alimwomba ruhusa kwanza. Koplo alisema sawa.

Bado anaamka saa kumi. Anakunja blanketi, anavaa viatu, anafunga kamba, anakaa ukingoni mwa kitanda. Mkewe hamwambii tena avivue. Kunapokucha, mwanga unapita katikati ya taulo na kufika sakafuni, naye anaviangalia viatu vyake muda kidogo, anafungua kamba, anavivua kimoja kimoja, na kuvipanga chini ya kitanda, ncha zikitazama nje.